Nakijwa, Kaa na Fisi Maji

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na bwawa!

Na nani tena?

Na mwenyewe!

Haya. Na wewe uliyejiegemeza kwenye gunia, kaa vizuri. Hadithi haimwingii mtu aliyelala.

Hapo zamani za kale, huko milimani ambako maji huteremka kwa mifereji kutoka chemchemi hadi shambani, aliishi mama mmoja jina lake Nakijwa. Mumewe alifariki akamwachia migomba, mbuzi wawili na bwawa la perege.

Binti yake wa pekee, Naetwe, aliolewa ng'ambo ya bonde, na sasa alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza iliharibika, na tangu siku ile Naetwe akawa mtu wa kunyamaza. Safari hii angekuja kujifungulia kwa mama yake. Na desturi ya kwao ilikuwa hivi: mzazi hunywa supu ya perege siku saba, ili maziwa yashuke, na perege hao sharti wawe wamefugwa na mama yake mwenyewe. Wa kuomba hafai. Wa sokoni hafai.

Basi Nakijwa aliwalisha perege wale kama anayemlisha mjukuu. Kila asubuhi alisimama ukingoni, akapiga debe, ti! ti! ti! Kisha akaimba:

*Perege, perege, njooni,*
*Pumba ipo ukingoni,*
*Mnenepe, msikonde,*
*Mzazi yuko njiani.*

Perege wakaja mbio, wakajazana ukingoni, wakala.

Siku ya kwanza Nakijwa akakuta magamba kwenye nyasi. Siku ya pili akakuta magamba na mkia. Siku ya tatu akamwona mwizi mwenyewe: Fisi Maji, amelowa chapachapa, anatafuna perege bila haya.

"Mwizi we! Hii supu ya mwanangu!"

Fisi Maji akatumbukia mferejini, akaenda zake.

Nakijwa akaketi chini akalia. Angefanya nini? Mila ya mlima ule ilikataza kumwaga damu ya fisi maji. Anayemuua, mfereji wake hufungwa mwaka mzima, na bwawa bila mfereji ni shimo tu.

Alipokuwa analia, Kaa akatoa macho yake kwenye tundu ukingoni.

"Pole, jirani. Yule mharibifu ananiudhi hata mimi. Zungushia ukingo miiba."

Nakijwa akakata miiba, akazungushia ukingo wote. Fisi Maji akaja. Akapita mferejini, akala perege, akaenda zake.

"Pole, jirani," akasema Kaa. "Simamisha sanamu ya mtu."

Nakijwa akasimamisha mti, akauvika koti la marehemu mumewe, ingawa kulitoa sandukuni kulimuuma. Fisi Maji akaja. Akalitazama koti, akasema, "Shikamoo, mzee." Akangoja. Mzee hakuitikia. Akala perege, akaenda zake.

Msicheke! Mwenzenu analia.

"Pole, jirani," akasema Kaa mara ya tatu. "Sasa tega kitanzi pale mfereji unapoingilia."

"Na mila je?"

"Mila inakataza wewe kuua. Wewe utatega tu. Kitakachoua ni kitanzi."

Mwenye shida hasikii uongo, husikia dawa. Nakijwa akatega.

Kulipopambazuka akamkuta Fisi Maji amenaswa, kamba imemkaza shingoni, matiti yamejaa maziwa yanadondoka kwenye matope.

"Mama," akasema Fisi Maji kwa taabu, "perege nimekula, sikatai. Lakini nina watoto watatu shimoni. Hawajafumbua macho."

Nakijwa alikuwa na panga mkononi. Aliyatazama yale maziwa yanayomwagika bure, akamkumbuka Naetwe siku ile alipotokwa na maziwa na hakuna wa kuyanyonya. Moyo ukamkatika. Akainama, akakata. Akakata kamba.

Fisi Maji hakukimbia. Aliketi akavuta pumzi.

"Nani alikushauri kunitega?"

"Kaa, jirani yangu."

"Mama! Chakula changu ndicho kimekuwa mshauri wako?" Fisi Maji akamwonyesha ukingo. "Tazama."

Nakijwa akatazama. Ukingo ulikuwa umetobolewa na kaa matundu kama chujio. Maji yalikuwa yanavuja kimyakimya kwenda bondeni, na bwawa lilikuwa limepungua shubiri nzima.

"Mimi nakuja kwa ajili ya kaa," akasema Fisi Maji. "Ukaweka miiba, nikawa siwafikii tena. Nikabaki na perege tu. Nao unaniitia mwenyewe! Ti! ti! ti! Wanajazana ukingoni kama waalikwa wa harusi. Nani akatae karamu aliyopigiwa debe?"

Nakijwa akashika kichwa. Kumbe muda wote alikuwa anamwandalia mwizi meza.

Siku hiyohiyo akaondoa miiba. Akaziba matundu kwa udongo wa mfinyanzi, akaukanyagakanyaga mpaka miguu ikauma. Akazamisha matawi na vyungu vilivyovunjika, perege wapate pa kujificha. Debe akaliacha. Pumba akawa anairusha katikati ya kina, leo asubuhi, kesho mchana, isijulikane saa yake.

Fisi Maji akawa anapita ukingoni, tundu kwa tundu, anatafuna kaa. Ikafika zamu ya yule mshauri. Akatoka mbio, upande upande.

"Jirani! Jirani! Niokoe!"

"Pole, jirani," akasema Nakijwa. "Mimi sikuli. Nimeondoa miiba tu."

Je, Fisi Maji aliacha kabisa perege? Aache wapi! Siku mojamoja alimpata mgonjwa au mzembe, akaenda naye. Nakijwa alinung'unika, lakini hakuokota jiwe. Bwawa likajaa, perege wakanenepa.

Mwezi ulipotimia Naetwe akaja, akajifungua mtoto wa kike, analia kwa sauti kubwa, mzima. Nakijwa akatoa perege bwawani, akapika supu, akamnywesha bintiye kwa mkono wake. Siku ya kwanza maziwa hayakushuka. Siku ya pili, kimya. Nakijwa akapika, akaomba, akapika. Siku ya tatu mtoto akashika titi, akanyonya mpaka akalala.

Naetwe akalia, akacheka. Maneno yake yakarudi. Hapo akasikia miluzi myembamba inatoka upande wa mfereji.

"Mama, nani hao wanaolia?"

"Watoto wa mwenzio," akasema Nakijwa. "Naye ananyonyesha."

Ngano hii yatufunza: ukitaka kumwondoa anayekula chako, kwanza uliza anakula nini kingine. Na anayekuhimiza umuue mwenzako, mchunguze anachochimba chini ya miguu yako.

Hadithi nimeitua. Penye utamu lambeni, penye uchungu niachieni mimi niliyeipika.