Kidari cha Yonazi

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi na sungura, ni ile ya juzijuzi tu, huko Usangi kwenye milima ya Upare, palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, wapigaji wa bendi ya matarumbeta ya kanisani. Mkubwa, Eliakunda, alipuliza tuba, lile baragumu linalomzunguka mtu kama chatu. Mdogo, Yonazi, alipiga ngoma kubwa.

Mimi maneno sizungushi. Hadithi hii ni ya tezi dume. Ipo chini ya kibofu cha mkojo, kila mwanamume anayo, hata wewe unayejikohoza hapo. Anayetaka kucheka acheke amalize, tuendelee.

Basi Eliakunda akaanza kusumbuliwa na mkojo. Bendi ikipiga harusini, katikati ya wimbo tuba linanyamaza. Mwenyewe yuko kwenye migomba. Anasimama huko mpaka wenzake wanamaliza ubeti, na kinachotoka ni matone. Anarudi, anapuliza kidogo, huyoo, migombani tena.

Mkewe, Nakijwa, akamwambia, "Baba Namsifu, nenda hospitali."

"Ni baridi ya mlimani."

Baridi ikaisha, jua likawaka. "Baba Namsifu, nenda hospitali."

"Ni chai."

Chai akaacha. "Baba Namsifu, nenda hospitali!"

"Mama, unataka nikavuliwe suruali na watoto wa juzi?"

Nakijwa akachoka. Akafanya jambo ambalo kwao mke halifanyi: siri ya mumewe akaitoa nje. Tena hakumpelekea mchungaji. Alimpelekea Ndewirwa, fundi cherehani, Mchaga. Na Mpare na Mchaga ni watani. Mtani akikutukana hukasiriki, na akikamata kitu chako hukipati mpaka umtimizie analotaka.

Ikaja harusi. Eliakunda akaweka tuba nyasini, akakimbilia migombani. Kurudi, anamkuta Ndewirwa amelivaa.

"We Mpare! Ubahili wako umezidi! Hata mkojo unautoa tone moja moja?"

Harusi nzima ikaangua kicheko. Bibi harusi alicheka mpaka shela likadondoka.

"Nipe tuba langu, Mchaga."

"Nimelikamata. Utalikomboa siku utakayotoka kwa daktari umepimwa. Kabla ya hapo nafugia kuku humu."

Eliakunda alitafuta hasira, hakuruhusiwa kuwa nayo. Alipojua maneno yametokea wapi, akamnyamazia mkewe kabisa. Uji anakunywa, asante hatoi.

Lakini bendi bila tuba ni nini? Akashuka hospitali, Yonazi akimsindikiza. Mlangoni kwa daktari miguu ikagoma.

"Yonazi, nasikia wanatumia kidole."

"Kwani kidole hujawahi kukiona, kaka?"

"Basi tangulia wewe."

"Mimi siumwi! Mkojo wangu unaruka ukuta."

"Tangulia, nikuone ukitoka mzima."

Yonazi akacheka, akaingia. Akatolewa damu kidogo mkononi. Kisha daktari akavaa glavu, akaipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, muda wa kupiga ubeti mmoja tu. Nimesema sizungushi. Yonazi akatoka anafunga mkanda.

"Kaka, kumbe ndiyo hii tu? Kiatu kipya kinaumiza zaidi!"

Ndipo Eliakunda naye akaingia.

Majibu yakaja. Eliakunda, mtu wa matone: tezi imevimba kwa umri, saratani hakuna, atumie vidonge. Yonazi, mtu wa kuruka ukuta: arudi kwa vipimo zaidi. Kinyama kidogo cha tezi kikachukuliwa, kikapimwa. Saratani. Bado changa, haijatoka nje ya tezi.

Yonazi akasema, "Daktari, mbona sisikii chochote?"

"Ikianza mara nyingi haisemi," daktari akamjibu. "Ungesubiri iseme, leo tungekuwa na mazungumzo mengine."

Akafanyiwa upasuaji. Akarudi kila alipoitwa kuangaliwa, mpaka siku daktari alipompa mkono: haionekani tena. Ngoma ikasikika Usangi yote, na tuba lililokwisha kukombolewa nyuma yake.

Yonazi akachinja mbuzi. Sasa, kwao kidari, ile nyama ya kifua, hakikatwi. Anapewa mtu mmoja tu, aliyemfaa mwenye mbuzi kuliko wote. Akasimama nacho juu ya jani la mgomba, na fujo zikaanza.

"Lete hapa, shemeji," alisema Nakijwa. "Mimi ndiye niliyevunja mwiko. Kaka yako amekunywa uji wangu kimya mavuno mazima. Ningetunza siri, tungekuzika wewe na heshima yetu."

"Siri peke yake ni umbea, mama!" Ndewirwa akadakia. "Aliyekamata tuba nani? Mliwahi kumwona Mpare akienda hospitali kwa maneno matupu?"

Eliakunda akajitokeza, kifua mbele. "Nyinyi wote mlinitafutia mimi dawa. Huyu nani alimfikiria? Aliyemwambia 'tangulia' ni mimi. Bila woga wangu, mdogo wangu angekuwa kaburini!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Yonazi hakucheka. Alipeleka jani kwa shemeji yake, akalirudisha. Akalipeleka kwa Mchaga, akalirudisha. Akalipeleka kwa kaka yake, akasimama nalo katikati, machozi na tabasamu uso mmoja.

Haya, nyama inapoa. Na asinijibu mtu "wote", nimeshasema hakikatwi. Je, kidari ni cha nani?