Kanzu Aliyoisifu Shekuwe

Mtu mmoja alikuwa na kanzu aliyorithi kwa baba yake. Mtu huyo aliitwa Shekuwe, seremala wa Pangani. Baba yake aliivaa kanzu ile siku ya kuoa, naye vilevile, na sasa zamu ilikuwa ya mwanawe Kombo, ambaye angeoa baada ya mfungo. Kila Ijumaa Shekuwe aliivaa msikitini na kuisifu: nguo za siku hizi ni urembo mtupu, hiki ndicho kitambaa! Mwamba ngoma huvutia kwake. Na kweli, kanzu haikuwa na tundu. Mkewe Mwanahawa aliifua kwa mkono na kuianika kivulini.

Viganja vya Mwanahawa vikaanza kumuuma. Shekuwe hakuwa mtu mbaya, akamnunulia mashine ya kufulia. Mashine ikafua, ikakamua, na Mwanahawa akapumzika. Ilikuwa haki yake.

Miezi ikapita. Ijumaa moja Shekuwe aliinama kurukuu, kanzu ikapasuka kuanzia kwapani hadi kiunoni. Alirudi nyumbani amejitanda kikoi cha kuazima, aibu imemjaa, na harusi i mlangoni. Aliichomoa mashine ukutani akaanza kuiburura nje.

"Iache, Baba Kombo," Mwanahawa akamwambia. "Yenyewe imefua kama ulivyoitaka, ila haina macho. Kanzu hii inachakaa tangu unioe. Nilipokuwa naifua niliona palipolegea, ikikauka napashona kwa uzi."

Shekuwe akaigeuza kanzu ndani nje. Begani, kwapani, pindoni, kote palijaa mishono midogo ambayo hakupata kuiona. Akalia, wala hakuwa akililia kanzu. Miaka yote ile alikuwa akisifu kitambaa.

Mashine haikurudi dukani. Lakini tangu siku hiyo hakuna nguo iliyoingia humo kabla mume na mke hawajaketi kuikagua, yeye Shekuwe akijichoma sindano na kuguna, mkewe akimcheka. Ubavu wa kanzu aliushona mwenyewe. Mshono ulipinda, naye Kombo akaoa akiwa ameivaa hivyo hivyo, akakataa katakata kuvaa koti la kuuficha.

Nanyi mnaosifiwa kwa uimara wenu, ni lini mmejigeuza ndani nje mkautazama mkono uliowashona?