Petroli ya Buluu

Je, mmewahi kumnunulia mtu kitu cha ghali, akakipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kisha kikabaki pale pale mlipokiweka? Basi tulieni. Mmemsikia shangazi yenu akisema, "Mnywaji haulizwi bei, huulizwa kiu," mkacheka mkidhani anasema habari za kilabuni. Methali hii haikuanzia kilabuni. Ilianzia kwenye tangi la pikipiki, na ilianza hivi.

Kule Bonde la Rukwa, chini ya milima ya Ufipa, aliishi mama mmoja aitwaye Dafroza na mumewe Gaudensi, dereva wa bodaboda. Gaudensi alikuwa mtu mwema. Hakuwa mlevi wala mgomvi, na chakula hakikukosekana nyumbani. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu kikiwa ghali, kwake ndicho kizuri. Pasaka alimletea mkewe viatu vya kisigino kirefu. Dafroza alivivaa mara moja, kisigino kikazama kwenye tope la majaruba ya mpunga hadi kwenye kifundo. Alivifuta, akavirudisha kwenye boksi lake.

Mwaka huo kwelea kwelea walishuka kwenye mpunga kama wingu. Serikali ikaleta ndege ndogo ya kuwanyunyizia dawa. Ilipomaliza kazi ikaondoka, nyuma likabaki pipa lenye mafuta yake, na mlinzi wa kiwanja cha ndege akaanza kuyauza kwa siri. Lita moja bei ya jogoo. Watu wote walicheka wakapita. Gaudensi hakupita.

"Mama Eda, njoo unuse!" aliita siku hiyo, hata pikipiki hajaiegesha. "Hii ni namba mia. Ile ya kituoni haifiki huko hata ikipanda ngazi."

Dafroza akachungulia ndani ya dumu. Petroli ilikuwa ya buluu, kama maji ya kusuuzia nguo nyeupe.

"Sasa inakwenda kasi zaidi?"

"Itakwenda. Injini inaizoea kwanza."

Wiki tatu injini ikawa inaizoea. Kasi ilikuwa ile ile. Asubuhi ilianza kukataa kuwaka, Gaudensi akipiga kiki hadi jasho linamtoka, naye akasema ni baridi. Baridi gani, bondeni kule, ambako hata kuku hutembea midomo wazi?

Ndipo habari ikaja kutoka juu, Ufipa. Mzee Sichalwe, baba yake Dafroza, ana siku ya nne hali kitu. Kaka yake, Kalisti, alituma maneno machache tu: "Dada, njoo umwone angali na macho."

 Dafroza alitaka kusema wapande lori la mpunga linalotoka alfajiri, maana lile halijawahi kushindwa na mlima. Lakini Gaudensi alikwisha kuinua dumu. "Leo ndiyo siku yake," alisema, akajaza tangi kwa ile ya buluu mpaka mdomoni. Dafroza akafunga kanga, akapanda nyuma. Lori likawapita, utingo akawapungia mkono.

Mnaujua mlima ule? Barabara imejikunja kama utumbo wa mbuzi, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde tupu. Kona ya kwanza walipita. Kona ya pili pikipiki ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikazimika kabisa, ikaanza kurudi nyuma nao juu yake! Dafroza aliruka, akashika jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. 

Gaudensi akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akafungua dumu la akiba, akaongeza ya buluu.

"Baba Eda, unaongeza nini, na tangi limejaa?"

Gaudensi aliendelea kumimina. Alikuwa amekauka usoni kama mtu aliyeona nyoka kitandani.

Waliisukuma mpaka kona ya tatu, kwa fundi mmoja mnene aliyekuwa akitengeneza breki za malori. Jina lake Alkwini. Alikuwa akitafuna muwa, na hakuuacha. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akatazama, akatema kapi.

"Kijana, hii pikipiki ina leseni ya kuruka?"

"Ni mafuta safi hayo, fundi. Namba mia."

"Nimeona." Akafungua plagi, akaiweka kwenye kiganja cha Dafroza. Pale inaporukia cheche palikuwa pameziba, pameota vipunje vya kijivu vilivyoshikana kama mayai ya mdudu.

"Mama yangu!" Dafroza alisema. "Hii ndiyo imetuzima?"

"Hiyo hiyo, dada. Hayo mafuta yana madini ya risasi. Injini ndogo hii haina moto wa kuyamaliza, yanaganda hapo, cheche inakosa pa kurukia." Akamgeukia Gaudensi. "Na hiyo namba unayoringia si nguvu. Ni uvumilivu. Kuna injini zinazokandamiza petroli kwa nguvu sana. Ukizipa ya namba ndogo italipuka kabla ya zamu yake, utasikia inagonga kama nyundo, pistoni inatoboka. Zile ndizo zinataka namba kubwa. Hii yako inakandamiza kidogo tu. Uvumilivu wote huo itaupeleka wapi?"

"Lakini ni ya ghali mara tatu," Gaudensi alisema, na sauti ilikuwa imepungua.

"Ulimuuliza?"

"Nani?"

"Huyu anayekunywa!" Fundi akainua kiti cha pikipiki, akafuta vumbi kwa kidole. Chini yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa tangu kiwandani, haijawahi kusomwa: *Tumia petroli ya kawaida.* "Miaka minne unalikalia jibu. Wewe umeuliza bei, hukuuliza kiu."

Gaudensi aliitazama ile karatasi, mdomo wazi. Lakini Dafroza alishtuka zaidi. Yale maneno yalimwingia mahali ambapo hayakulengwa. Alimtazama mumewe, kisha akatazama milima kule alikolala baba yake, akamhimiza fundi.

Fundi akamwaga ile ya buluu yote, akaweka plagi nyingine, akatia petroli ya kituoni. Kiki moja tu, ikawaka.

Walifika jua limeshainama. Juu kule ulikuwa mwezi wa Juni, upepo unakata masikio. Kalisti aliwapokea mlangoni, akawaongoza si kwenye nyumba ya zamani bali kwenye chumba kipya, sakafu ya saruji, dirisha la kioo.

Dafroza alimsogelea baba yake. Mzee alikuwa amebaki macho na mifupa, amejikunja katikati ya godoro kubwa kama mtoto aliyesahauliwa. Mezani palijaa: maziwa ya kopo, juisi za boksi, supu iliyoganda mafuta. Hakuna kilichoguswa.

"Usiseme hatukumjali, dada," Kalisti alisema. "Godoro hilo la springi, tumelitoa mjini. Muulize shemeji, anajua vitu. Shemeji, si umeona godoro?"

Gaudensi alifungua mdomo kulisifu, maana ndiyo desturi yake. Akaufunga. Kisha akauliza polepole, "Mlimuuliza mzee?"

"Kumuuliza nini? Mgonjwa anaulizwa?"

"Mnywaji haulizwi bei, Kalisti," Dafroza alisema, na mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake ilivyopanda. "Huulizwa kiu."

Akapiga magoti, akaushika mkono wa baba yake. Ulikuwa baridi kama chuma.

"Baba. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Mzee alimtazama kama mtu anayehakikisha kwamba ni yeye aliyeulizwa. 

"Nirudisheni jikoni," alisema. "Kule kwenye moto, mnapokaa mkipiga soga. Humu mna baridi, na hamna mtu."