Nungunungu Apakwa Mafuta

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, mfalme wa wanyama alikuwa Tembo. Tembo akaziba kisima kwa magogo, akasema, "Maji ni ya wakubwa." Wadogo wakalia. Nungunungu hakulia. Aliingia msituni na wenzake, akaanzisha vita.

Na alipigana vipi? Adui akija, yeye hugeuka, miiba juu, chaka-chaka-chaka! Halafu kinyumenyume, mbio, pwaa! Hata Chui alikwenda kwao akichechemea, na ubabe wake wote.

Vita vikawachosha wote. Tembo akatuma neno: "Ndugu yangu, yaishe. Maji yawe ya wote, nawe uwe waziri mkuu."

Nungunungu akacheka mpaka mbavu zikamuuma. "Niliwaambia! Niliingia msituni mwasi, natoka waziri!"

Lakini nchi ile ilikuwa na desturi yake. Waziri hupakwa mafuta mgongoni, na wa kumpaka ni yule ambaye waziri huyo alimuumiza kuliko wote. Huyo akikataa, hakuna uwaziri. Hakuna uwaziri, hakuna amani, na kisima kibaki na magogo yake.

Siku ikafika. Ngoma, ti-ndi! ti-ndi! Nungunungu akasimama katikati, kifua mbele. Akatoka Mama Digidigi na kibuyu cha mafuta, mdogo, mkavu, macho mekundu.

"Wanijua, mheshimiwa?"

"Sikujui, mama."

"Mwanangu alikuwa akienda kutafuta maji. Hakuwa askari. Miiba yako ilimuua."

Ngoma ikanyamaza. Miiba ya Nungunungu ikasimama yenyewe, chaka! Tangu azaliwe hajawahi kuilaza mbele za watu.

"Usilaze, jemadari!" wapiganaji wake wakapiga kelele. "Chui yuko nyuma yako!"

Kweli alikuwepo, anajilamba.

Nungunungu akakohoa. "Mama, unajua, vita ni vita..."

"Vita navijua. Nauliza habari za mwanangu. Ulimwona?"

Apiganaye kinyumenyume ataona nini? Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Sikumwona, mama. Sikuwahi kugeuka kutazama niliyempiga. Alikuwa akiitwa nani?"

"Chepesi."

"Chepesi," akasema Nungunungu, kwa sauti, wote wasikie. "Nilimuua Chepesi, naye hakuwa na kosa. Nisamehe, mama. Na usipotaka kunipaka, nitarudi kwetu, lakini vita sitapigana tena."

Kisha akapiga magoti, akampa mgongo. Miiba ikalala, shwaa, yote. Chui akainuka. Mama Digidigi akamtazama Chui jicho moja tu. Chui akaketi.

Mama akamimina mafuta. Akapaka kwa ukwato wake, taratibu, machozi yakichanganyika na mafuta.

"Nimekupaka," akasema. "Kukusamehe bado, hilo ni langu na moyo wangu. Inuka, mheshimiwa, ukatoe yale magogo. Watoto wana kiu."

Waziri mkuu akainuka, mafuta yakimtiririka, akaenda akayavuta magogo mwenyewe.

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: ushujaa unaweza kukufikisha kwenye kiti, lakini hukifai kiti hicho mpaka uwageukie uliowaumiza, uwatazame usoni.

Hadithi yangu imefika kisimani, nami nimeishia hapo hapo. Aliye na kiu na anywe.