Jina la Mdogo Wake Tausi

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Kusimulia ni kazi yangu. Kuhukumu ni kazi yenu.

Walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Tunu alikuwa msomaji. Si wa vitabu: alisoma jeni, yale maandishi yaliyomo ndani ya damu ya kila mtu, yanayouamuru mwili ujijenge hivi na si vile. Herufi moja ikibadilika, Tunu aliiona kama mpishi aonavyo chuya kwenye mchele.

Raya alikuwa mwonaji. Mwili hufanya kazi zake kwa protini, vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho, kila kimoja na umbo lake lililokunjwa. Raya alizijua tovuti ambazo ukizipa herufi iliyobadilika hukuchorea umbo hilo kwenye kompyuta, ukaligeuza na kulipindua mpaka ukaona palipoharibika. Wengine waliona rangi tu. Raya aliona kilango na bawaba zake.

Wa tatu, Daktari Siwema, alikuwa na moyo. Akishabeba dhamana, hakuitua njiani.

Sikudhani hakumjua hata mmoja wao. Yeye alilima kabichi huko milimani Lushoto, na mwanawe wa kwanza, Tausi, alipatwa na kisukari kabla hajaota jino. Tangu hapo ikawa asubuhi sindano, jioni sindano. Friji hawakuwa nalo. Dawa ilikaa ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga wenye maji. Tausi alikua akimkimbia mama yake mzazi, na hilo lilimuuma Sikudhani kuliko kazi zote za shamba. Siku moja akamkuta amezimia uani, sukari imeshuka mno. Akambeba mgongoni, akateremka naye mlima, akafika naye hospitali.

Mtoto alizinduka. Lakini madaktari walishangaa: kisukari hakina desturi ya kuwahi hivyo. Damu yake ikapelekwa maabara, kwa Tunu.

Mashine ilikuwa imeshaandika kwamba hakuna kasoro. Tunu hakuridhika. Akarudi mwanzo, akasoma kwa macho yake, mstari kwa mstari, akaikuta: herufi moja imebadilika. Ila herufi hiyo haikuwa imeripotiwa popote.

"Nimeiona," alisema, "lakini siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomdhuru. Huenda ni alama tu, kama baka la kuzaliwa."

Herufi ikafika kwa Raya. Akaitia kwenye tovuti moja, ikamwambia ina madhara. Akaitia kwenye nyingine, ikamwambia haina neno. Basi akaacha kuuliza, akatazama. Protini ile ilikuwa kilango kwenye chembe za kongosho. Mtu akila, kilango hujifunga, na kule kujifunga ndiko kunakoiruhusu insulini, kishusha sukari kile kile cha kwenye sindano, itoke. Cha Tausi kilikuwa na kipande kilichonenepa karibu na bawaba. Hakikuweza kujifunga hata kidogo. Raya akaruka kitini.

"Insulini anayo! Imekwama ndani! Na pale ambapo vidonge vya kisukari vya watu wazima hushika, pako salama. Kidonge kinaweza kukisukuma kikajifunga."

Habari ikafika kwa Siwema. Wenzake wakamwonya: "Picha si mwili. Ukimwachisha sindano akafa, utajibu nini?"

Siwema akamwendea mama. "Mama Tausi, sitakuficha. Naweza kukosea. Lakini nitakaa naye mwenyewe, na nikiona hatari, sindano inarudi papo hapo."

Sikudhani alimtazama mwanawe, vidole vimejaa alama za kutobolewa. "Mpe, daktari."

Sindano ikapunguzwa, kidonge kikaongezwa. Siwema alikula na kulala hapo kando ya kitanda, akapima sukari kwa mkono wake. Ikapanda. Wauguzi wakatazamana, naye Sikudhani akashika ukingo wa kitanda. Siwema akangoja, jicho halitoki kwenye kipimo. Sukari ikasita, ikashuka, ikatulia.

Asubuhi moja daktari aliingia mikono mitupu. Tausi, kama kawaida yake, alikuwa amejificha uvunguni.

"Toka, mwanangu. Sindano zimekwisha."

"Za leo?"

"Zote."

Sikudhani akapiga kigelegele, wodi nzima ikakipokea. Mtoto akatoka uvunguni, akamkimbilia mama yake. Safari hii hakumkimbia.

Tausi akaanza shule, akinywa kidonge chake na uji. Kisha Sikudhani akajaliwa mtoto mwingine wa kike, mzima kabisa, na siku ya kumpa jina akawaalika wale wanawake watatu.

"Tumpe jina la Daktari Siwema," alisema mumewe, Shomari. "Yeye ndiye aliyeweka rehani jina lake."

"Kidonge hicho angekitoa wapi?" akauliza mama mkwe. "Ni Raya aliyeona. Aitwe Raya."

"Na Raya angetazama nini, mama?" dada yake Sikudhani akadakia. "Bila Tunu hakuna herufi. Mashine ilishasema hakuna kitu!"

"Basi tumpe yote matatu," akasema Shomari.

Mama mkwe akacheka. "Baba Tausi, mafiga ni matatu, lakini chungu hakiitwi mara tatu. Mtoto ataitika lipi?"

Wageni watatu waliinamisha nyuso, kila mmoja akitabasamu, na hakuna aliyekataa heshima ile. Pilau ilikuwa tayari. Shehe akamwinamia Sikudhani ili alisikie jina, apate kumwita mtoto sikioni. Sikudhani akamtazama Tunu, akamtazama Raya, akamtazama Siwema, machozi ya furaha yakimlengalenga, na nyumba nzima ikanyamaza kumsikiliza.

Nami nanyamaza hapo hapo. Enyi mlioketi nami, shehe anangoja na mtoto ni mmoja. Je, wewe ungemwita nani?