Nguchiro na Vibaraza vya Mkondoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga miji, wakiazimana chumvi na kusengenyana kama sisi, palikuwa na mji ulioitwa Mkondoni.

Ulikuwa mji mzuri, tusiudhulumu. Ulikuwa na soko, kisima cha maji matamu na shule ya watoto. Lakini ulikaa bondeni, kati ya kilima na mto. Mvua za masika zikiteremka kilimani zilikuwa na njia moja tu ya kufika mtoni, nayo ni mtaro uliopita mbele ya nyumba za mtaa mkubwa.

Na mtaro ule ulikuwa umeziba! Makumbi ya nazi, maganda ya mihogo, vyungu vilivyopasuka, mikeka iliyooza, vyote vilitupwa humo.

Juu kabisa ya mtaa aliishi Kiboko, mkuu wa mji. Alifuatiwa na Nyati. Kisha Nguchiro, mjane mdogo wa kimo, mwuza vitumbua, na wanawe wawili. Mwisho kabisa, pale mtaro unapoingia mtoni, aliishi Fisi.

Kwenye mwimo wa mlango wa Nguchiro palikuwa na alama ya masizi. Aliipaka mama yake mwaka wa mafuriko makubwa, kuonyesha maji yalipofika. Mwaka ule maji yalimchukua mdogo wake Nguchiro, hakuonekana tena. Mara kwa mara Nguchiro aliwasimamisha wanawe kando ya alama ile. Bado ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Sasa, huko kilimani aliishi rafiki yake, Pimbi, katika nyumba ya mwambani. Pimbi alishuka mjini kila asubuhi kuteka maji, na hakupita bila kusema neno.

"Hodi, mwenzangu! Mnaogelea au bado?"

"Karibu, Pimbi. Hatuogelei."

"Bado. Mawingu umeyaona? Mimi mvua ikinyesha najifunika tu, nasikia kwa mbali, chururu, chururu, nalala. Wewe unalala mguu mmoja kitandani, mmoja mlangoni! Mji gani huu usiojua hata kuzibua mtaro? Hamia kwangu. Kona ya jiko ipo. Utanifagilia ua, tutaishi."

Nguchiro alicheka kwa meno tu. Moyoni wivu ulimkwama kama mwiba wa samaki kooni. Aliutazama mwamba ule mkavu kila siku, akauchukia kwa jinsi alivyoutamani. Lakini kuhama? Kule juu hakuna soko. Vitumbua amuuzie nani, mawe? Wanawe wasome wapi? Na nyumba ya mama yake amwachie nani?

"Sikiliza, Pimbi," akasema. "Maji yakivuka kizingiti changu masika haya, nitahama. Nitakufagilia huo ua wako."

"Basi naanza kutafuta ufagio," akajibu Pimbi, akajitwisha mtungi, akaenda zake.

Siku ile ile Nguchiro alikwenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mkuu. Masika yanakaribia, mtaro umeziba. Tutapata mafuriko."

"Mafuriko?" Kiboko akapiga mwayo, aaaah, ukaona mpaka kwenye koromeo. "Yale ya kuoga? Mwaka ule maji yalinifuata mpaka chumbani. Sikutoka kitandani, nikaoga hapo hapo!"

Akaenda kwa Nyati.

"Maji ya mwisho yalinifika magotini," akasema Nyati. "Magotini si shingoni, binti yangu. Vumilia."

Akaenda kwa Fisi. Fisi hakumficha hata kidogo.

"Mtaro uzibuliwe wa nini? Mafuriko yakija, kuku wa watu wanaelea mpaka mlangoni kwangu. Hihihi! Mimi huo ndio msimu wangu wa mavuno!"

Nguchiro akarudi nyumbani, akaketi. Kumbe ndiyo maana mtaro hauzibuliwi! Mkuu anaoga, jirani analowa magoti, Fisi anakula. Wanaozama ni wadogo. Na yeye mdogo hawezi kuzibua mtaro mzima peke yake.

Akawaza jinsi ya kuwainua wale wakubwa. Huruma hawana. Hofu hawana. Wana nini?

Akakumbuka ule mwiba uliomkwama kooni asubuhi. Akatabasamu. Wivu! Wivu kila mtu anao, hata aliye mkubwa kama nyumba.

Mjini pale palikuwa na desturi. Shikamoo ya kwanza ya siku ilikuwa ya mkuu wa mji. Ukimpita Nyati asubuhi, unainamisha macho kama humwoni, unakwenda kumwamkia Kiboko, ndipo unarudi kumwamkia Nyati. Nyati alikuwa ameimeza desturi ile miaka yote, lakini haikuwahi kushuka tumboni.

Nguchiro akachukua jembe. Akatoa takataka za mtaro mbele ya mlango wake, akachimba udongo mweusi wa chini. Ardhi ya Mkondoni ilikuwa mchanga mtupu. Udongo unaoshika ulikuwa mtaroni tu. Akaukandika, akaupigapiga, pa! pa! pa! Akapata kibaraza kirefu kuliko kizingiti, akakaa juu yake na wanawe, miguu inaning'inia.

Nyati akapita, akasimama.

"Ni nini hicho?"

"Kibaraza tu, mzee wangu. Lakini kimeniletea fedheha. Watoto hawa wana maswali! Wameniuliza, 'Mama, sisi tumekaa juu, Mzee Nyati amekaa chini kwenye mkeka. Je, atuamkie yeye?'"

"NINI? Mimi niwaamkie nguchiro?"

"Nimewakemea, mzee! Nimewaambia, mzee akijenga chake, hata Kiboko atakuwa chini yake. Hapo sijui shikamoo ya kwanza itakuwa ya nani. Lakini hayo ni ya watoto, usiyatie moyoni."

Nyati akaenda kwake mbio. Kufika kwake alishusha pembe mtaroni. Makumbi yakaruka, vyungu vikaruka, puu! puu! Alichimba udongo mpaka jioni, na kesho yake akawa amekaa juu ya kibaraza kinachomfika mtu mzima kifuani.

Nguchiro akapita na sinia lake la vitumbua.

"Shikamoo, Mzee Nyati!" akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Marahabaaa!" Nyati akaivuta mpaka pumzi ikamwishia.

Huko juu Kiboko akatoa kichwa dirishani. "Nani huyo kaamkiwa kabla yangu?"

"Nisamehe, Mkuu!" Nguchiro akakimbia mpaka kwake, akapiga magoti. "Macho yangu yamekosea. Nimeona mtu amekaa juu kabisa, nikadhani ni wewe."

Kiboko hakunywa chai siku hiyo. Akateremka mtaroni mwili mzima, akala takataka zilizolika, akazitupa zisizolika, akachimba. Kibaraza chake kikapita cha Nyati. Nyati akaona, akachimba tena. Kiboko naye akachimba. Mtaro ukazidi kwenda chini, vibaraza vikazidi kwenda juu, na kila asubuhi Nguchiro alipita akitazama vimo kwa makini kabla ya kuamua amwamkie nani kwanza.

Lakini wivu, watoto wangu, ni moto. Hauulizi nani aliyeuwasha. Nguchiro alitazama vibaraza vile vikubwa, kisha akatazama chake, kikaonekana kama kiti cha mwanasesere. "Wazo ni langu," akajisemea, "na wao ndio wanaotazamwa!" Akaanza kutoka kila alfajiri kupima kwa macho kibaraza cha nani kimeongezeka.

Ndivyo alivyokiona cha Fisi. Jana hakikuwapo, leo kimesimama, kirefu kuliko vyote! Na Fisi juu yake, amekunja nne.

Wivu ukamchoma Nguchiro. Akatazama miguu ya Fisi. Mikavu! Hakuna hata tone la tope. Mtu anachimbaje mtaro miguu isichafuke?

Akazunguka nyuma, akachungulia. Fisi hakuchimba chochote. Alikuwa amelaza magogo juu ya mtaro, akarundika humo takataka zote zilizotolewa na wenzake, akafunika kwa mchanga. Mdomo wa mtaro ulikuwa umezibwa kabisa, kuliko hata zamani.

"Fisi! Umeziba njia ya maji!"

"Nimejenga kama mlivyojenga. Au cha maskini hakiruhusiwi kuwa kirefu?"

"Maji yatarudi nyuma, yataingia kwangu!"

"Hihihi! Basi kuku wakipita hapo kwako, waelekeze huku."

Hakumaliza kucheka, ngurumo zikaanza. Ngu-ngu-ngu-nguuu! Masika yakamwagika kilimani kama mtungi uliopinduka.

Maji yakaja. Yakapita mbele ya Kiboko, chini kabisa ndani ya mtaro. Yakapita mbele ya Nyati. Yakafika kwa Fisi, yakagonga magogo, yakageuka. Yakaanza kupanda. Yakakizunguka kibaraza cha Nguchiro. Yakalamba kizingiti.

"Mama!" wanawe wakalia. Nguchiro akawapandisha juu ya kabati, akaitazama ile alama ya masizi, akatoka mbio mvuani.

"Mkuu! Mkuu! Maji yanaingia majumbani!"

Kiboko alikuwa amejilaza juu ya kibaraza chake, mvua inamkanda mgongo. "Vizuri. Yakifika huku niamshe, nioge."

Nguchiro alitaka kulia. Akajikaza.

"Oga, Mkuu. Ila Fisi anasema huna haja ya kuamshwa, atakuona. Kibaraza chake kimekipita chako. Anasema akiwa pale juu anauona utosi wako wote, na upara wake, na lile kovu la katikati."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Utosi wangu?"

"Na kesho asubuhi, Mkuu, miguu yangu itanipeleka kwa nani kwanza?"

Kiboko alishuka kwa kishindo, tititi! tititi! Akapita kwa Nyati maji yakiruka huku na huku, akapita kwa Nguchiro, akainamisha kichwa, akinguruma, "Nani anauona utosi wangu?" Fisi akamwona anakuja.

"Mkuu, karibu, nilikuwa nasema hi..."

PWAAA! Kiboko akakipiga kibaraza kwa kifua. Magogo yakavunjika, mchanga ukamomonyoka, Fisi akaruka juu akaangukia majini, chubwi! Mdomo wa mtaro ukafunguka. Maji ya mtaa mzima yakamkimbilia Fisi, yakampeleka mtoni, naye anapiga kelele, "Kuku! Si mimi! Kuku!"

Nguchiro akarudi kwake mbio. Kizingiti kilikuwa kimelowa. Ndani palikuwa pakavu.

Mvua ilipokatika asubuhi ya pili, Fisi akarudi anachechemea, amevaa magugu kichwani kama kilemba.

"Sijasema neno kuhusu utosi wa mtu!" akalia. "Nani kasema?"

Nyati akautazama mtaro uliozibuka kutoka juu mpaka chini. Akatazama vibaraza. Akakuna pembe. "Ngojeni kwanza. Kumbe tumechimba mtaro?"

Wote wakamgeukia Nguchiro.

"Wewe!" akanguruma Kiboko. "Umetudanganya!"

"Nimewadanganya," akasema Nguchiro, akiwashika wanawe mikono. "Niliwaomba kwa adabu, mkapiga mwayo. Kama mnataka, rudisheni takataka zenu."

Kabla Kiboko hajajibu, wadogo wa sokoni wakafika, akina Panya na Kanga na Kobe, wakishangilia. "Ahsante, Mkuu! Mwaka huu tumelala pakavu! Ahsante kwa kutuzibulia mtaro!"

Kiboko akakohoa. Akainua kidevu. "Eeh. Ulikuwa mpango wangu wa muda mrefu."

Wivu ukamrukia Nguchiro mpaka machoni. Sifa zote kwa Kiboko! Akafungua mdomo. Kisha akawatazama wanawe waliokauka, akaufunga.

"Mkuu ana akili sana," akasema. "Na mwakani, kabla ya masika, nina hakika Mzee Nyati atataka kuongeza kibaraza."

Nyati na Kiboko wakatazamana kwa pembe ya jicho.

Mara Pimbi akateremka kilimani, ufagio mkononi.

"Nimekuja kukuchukua, mwenzangu!" Akachungulia mlangoni. Akaona sakafu kavu, jiko linawaka, vitumbua vinaumuka, watoto wanakwenda shule. Ufagio ukamlegea mkononi. Kule kwake mtungi ulikuwa mtupu, na tangu jana hakuwa na wa kuzungumza naye.

"Hata hivyo mji wenu haufai," akasema polepole.

"Haufai," Nguchiro akakubali. "Ulichosema kuhusu mtaro kilikuwa kweli. Bila Kiboko kukasirika, saa hizi ningekuwa nakufagilia ua."

Pimbi akatazama huku, akatazama kule. "Hapo kati yako na Fisi... kiwanja kina mwenyewe?"

Nguchiro akacheka, na safari hii si kwa meno tu. "Hakina. Lakini rudi kwanza na huo ufagio, ulete jembe."

Nami hadithi niliyopewa na walionitangulia nimewakabidhi nzima, na funzo lake ni hili: anayetaka kukaa katika mji usiojiandaa, asihesabu mawingu tu, ashike jembe na amfanye jirani yake alishike.