Nyumba ya Jumbe na Somo la Mvua

Hapo zamani, enzi ambazo mbuzi waliingia darasani na hakuna aliyewauliza wanatafuta nini, palikuwa na kijiji kikiitwa Mavumbini. Kijiji kilikuwa na walimu wawili, Mwanakheri na Kijoli, na wote waliishi katika nyumba moja mbovu iliyogawanywa kwa ukuta wa udongo. Paa lilivuja upande huu, likavuja na upande ule.

Mwanakheri alikuwa haingii darasani mpaka ajiandae. Kila jioni alimkalisha mumewe Mbaruku kwenye kigoda, akamfundisha somo la kesho. Mbaruku akikosea, alirudia. Akikosea tena, alisimama pembeni. Akitaka kwenda chooni, alinyoosha mkono. Mwanamume mzima, fundi seremala, ana ndevu zake!

Kijoli yeye hakuandaa kitu. Alikula, akalala, akakoroma. Asubuhi aliingia darasani mikono mitupu, akawaambia watoto wachore mbuzi. Watoto wake walichora mbuzi vizuri sana. Zaidi ya hapo hawakujua lolote.

Basi Jumbe Kibwana akajenga nyumba mpya, ndogo lakini haivujishi hata tone. Akatangaza kwamba atakuja shuleni, watoto wote wakae pamoja, wafundishwe mvua inatoka wapi. Somo likimpendeza, aliyelifanikisha atahamia humo kabla ya masika.

Mwanakheri akaishika kazi. Wiki nzima alichemsha birika, akamwonyesha mumewe mvuke, akafundisha, akarudia, akafundisha tena. Siku yenyewe ikafika, Jumbe kaketi, watoto kimya. Mwanakheri akafungua kinywa. Sauti hakuna, imekauka yote kwa mazoezi. Machozi yakamlengalenga, na mimi namhurumia mpaka leo.

Hapo Kijoli akasimama. Hakuwa amejiandaa, nyinyi mnamjua. Lakini wiki nzima ukuta ulikuwa ukimsomesha usingizini. Akafumba macho, akaanza:

"Jua hupasha maji joto. Maji huwa mvuke, mvuke hupanda, huko juu hupoa, huwa wingu. Mbaruku, toa kidole puani. Wingu likilemewa, mvua hunyesha. Mbaruku, sogeza sufuria, hapo panavuja. Na huyo Kijoli apunguze kukoroma, tuko darasani."

Watoto wakarudia neno kwa neno, pua ya Mbaruku na mkoromo wa Kijoli vikiwemo. Jumbe akauliza mbona birika lake linatoa mvuke kila siku na jikoni hakunyeshi. Kijoli, macho bado kayafumba, akamjibu:

"Swali hilo unaliuliza kila siku, Mbaruku. Funua kifuniko, utazame chini yake."

Birika likaletwa, kifuniko kikafunuliwa, matone yakadondoka. Jumbe akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Akasema somo limempendeza, mwenye nyumba ajitokeze. Wakajitokeza watatu.

Mwanakheri akachukua chaki, akaandika ubaoni: "Somo ni langu. Nimeliandaa mpaka nimepoteza sauti."

Kijoli akasema, "Somo lilikuwa ndani ya kichwa cha mtu asiyeweza kusema. Nisingesimama mimi, Jumbe angesikiliza mbuzi."

Mbaruku akanyoosha mkono, akasubiri ruhusa, kisha akasema, "Swali la birika nililiuliza mimi, nikasimamishwa pembeni kwa ajili yake. Bila ujinga wangu jibu lisingekuwepo. Tena nyumba ikiwa ya mke wangu, nitaishi humo kama mwanafunzi. Ikiwa yangu, nitaishi kama mume, na humo ndani halifundishwi somo."

Jumbe akakuna kichwa. Akimpa Mwanakheri, atahama, Kijoli hatasikia kitu tena, na watoto wake watarudi kwenye mbuzi. Akimpa Kijoli, hatasikia kitu vilevile, ila atakoroma pakavu. Akimpa Mbaruku, Mwanakheri hatakuwa na pa kujiandalia, na shule nzima itachora mbuzi.

Wingu limeshatanda juu ya Mavumbini, nyumba bado tupu, na mnaocheka hapo nyuma ndio nitakaoanza nao. Je, nani alistahili?